Ssenga, Oman ni kama nyumbani?

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye cherehani, sikushika hata neno. Mara ya pili nikacheka. Mara ya tatu nikaacha kucheka, nikazima cherehani. Unasema ajenti wa pale Kampala amekwambia: "Oman ni kama nyumbani, dada. Waarabu wa kule wanajua Kiswahili, na wewe mtoto wa Bombo Kiswahili umekinyonya. Utafika leo, kesho umezoea." Halafu ukauliza, "Ssenga, ni kweli?"

Ni kweli, na hapo ndipo ninapoogopa. Angekudanganya kabisa ungemgundua mwenyewe, wewe si mjinga. Lakini huyu amekupa ukweli nusu, ile nusu tamu.

Unajua kazi ya ssenga, shangazi wa upande wa baba, kwetu. Ssenga humwambia binti yale ambayo mama yake anaona haya kuyatamka. Kawaida ni mambo ya chumbani. Leo ni mambo ya kyeyo, kazi za nje ya nchi. Nilinyamaza miaka yote hii kwa sababu pesa nilizotuma zilikuwa zikisema badala yangu. Mliona nyumba ya jjajja imepigwa bati jipya mkadhani habari zangu zote mmeshazipata.

Nianze na hicho Kiswahili chenyewe, maana ndicho unachouziwa.

Kwetu Bombo Kiswahili kilikuja kimevaa buti. Babu zetu wa Kinubi ni wale askari wa Kisudani ambao Lugard, kapteni wa Kiingereza, aliwakuta karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 akawaleta kumpigania. Wazee walibaki jeshini, wakaingia King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na amri za huko zilikuwa za Kiswahili. Miaka ya 1920 Gavana Gowers alitaka kukifanya lugha ya shule na serikali Uganda. Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akakataa katakata, na Baganda wengi hadi leo wako upande wake. Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na hapo ndipo kilipoharibikiwa zaidi, kwa sababu watu walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Wakati wa Obote wa pili mama yangu alikisikia kwa maneno mawili tu: "Panda gari!" Waliopanda, wengine hawakurudi. Sasa katiba inakitambua tangu 2005, baraza la mawaziri likasema 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, sawa. Lakini wewe ingia teksi ya Wandegeya uanze kuongea Kiswahili, uone kina mama watakavyokumbatia mikoba yao.

Basi mtu aliyekulia hivyo ndiye aliyeshuka garini Seeb, nje kidogo ya Maskati, mwezi wa saba mwaka 2017, mchana.

Koo lilikuwa limekauka. Kiarabu sikukijua, ila nilijipa moyo kwamba nina Kinubi, na Kinubi si ni Kiarabu kilichotembea safari ndefu? Barazani alikaa mama mtu mzima. Nikamwambia neno moja: "Moyo." Kwa Kinubi, moyo ni maji, hilo unalijua. Yule mama akanyanyuka, akaniwekea kiganja kifuani. "Moyo umefanya nini, mwanangu? Unakuuma?"

Kwa Kiswahili. Tena laini, kama kimechovywa kwenye tui la nazi. Nilisimama pale na begi langu nikaanza kulia kama mtoto. Akaniletea maji mwenyewe.

Huyo ndiye bibi niliyemtunza miaka miwili. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaondoka msichana baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, akakaa Mombasa kwanza, na Oman akaja baada ya 1970. Alinisahihisha Kiswahili kila siku ya Mungu. Nikisema "kikombe yangu iko wapi," yeye: "Kikombe changu kiko wapi. Nani kakufundisha hii iko-iko, polisi?" Nikamwambia ndiyo bibi, polisi na jeshi. Alicheka mpaka akakohoa. Ukiona barua hii imenyooka kuliko ninavyoongea kwenye simu, ni yeye.

Sasa kwa nini wanazungumza Kiswahili? Ajenti hajakueleza, nadhani hajui. Mimi bibi alinifundisha jikoni, na mengine nimeyasoma mwenyewe.

Kamata ramani. Oman imekaa kwenye kona ya kusini-mashariki ya Uarabuni, mgongo wake jangwa la Rub' al Khali, uso wake bahari. Ni kubwa kuliko Uganda: kilomita za mraba zaidi ya 300,000, sisi tuna kama 241,000. Lakini watu ni milioni 5 na kidogo, na zaidi ya wanne kati ya kila kumi ni wageni kama mimi, wakati sisi sensa ya 2024 imetuhesabu karibu milioni 46. Nchi yenye jangwa mgongoni na milima mitupu katikati haina pa kwenda ila baharini. Na upepo ukawasaidia. Kaskazi inavuma kuanzia kama Desemba, inasukuma majahazi kusini hadi Lamu, Mombasa, Unguja. Kusi inaanza karibu Aprili, inayarudisha. Mfanyabiashara hakuhitaji injini, alihitaji subira. Mjini Sur, ambako majahazi yalichongwa kwa mikono, wameliweka moja la zamani, Fatah Al Khair, watu walitazame. Bibi aliomba tumpeleke. Akaligusa ubavuni, akasema, "Linanuka nyumbani." Mimi nilisikia harufu ya mafuta ya mbao tu.

Waomani waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, halafu wakawafuata hadi Mombasa wakawatoa Fort Jesus mwaka 1698. Karne moja na zaidi baadaye Sultani Said bin Sultan akaipenda Unguja kiasi cha kuhamishia makao yake huko. Fikiria: mtawala wa Uarabuni anaacha kasri lake anakwenda kupanda karafuu Afrika! Alipokufa 1856, wanawe wakagombania. Waingereza wakaamua 1861 kwamba Majid abaki na Zanzibar, Thuwaini abaki na Oman, ila Zanzibar, kwa kuwa ni tajiri, iilipe Oman dola 40,000 za fedha kila mwaka. Ndugu kwa ndugu, damu moja. Na unafikiri zililipwa vizuri? Zilileta ugomvi hadi Waingereza wenyewe wakabeba deni hilo. Likumbuke, nitalirudia.

Hata sisi wa bara mkono huo ulitufikia. Yule Ahmed bin Ibrahim wa madrasa, aliyefika kwa Kabaka Suna karibu 1844 akathubutu kumwambia kwamba watu anaowaua wana Mungu aliyewaumba, alikuwa ametokea Unguja ya Sultani Said. Uislamu wa Buganda ulianzia mlango huo. Sijui kwa nini madrasa walitufundisha jina lake bila kutuonyesha ramani.

Baada ya 1964 Waarabu wa Zanzibar walitawanyika, na Oman ya wakati ule hawakuitamani, ilikuwa imefungwa kama mtungi. Julai 1970 Sultani Qaboos akampindua baba yake. Alikuta nchi ina shule 3 na barabara ya lami ya kilomita 10 hivi. Mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa 1967, pesa ipo, wasomi hakuna. Akawaita Waomani waliotawanyika warudi. Wakarudi kutoka Zanzibar, Mombasa, Tanganyika, Burundi, Rwanda, Kongo, hata kwetu. Walikuwa wamesoma, wanajua Kiingereza, wakajaza ofisi, shule, benki, visima vya mafuta. Kiarabu chao kilikuwa kibovu na walichekwa. Wote wakaitwa Wazanzibari, hata aliyezaliwa Bujumbura na Unguja hajaiona kwa macho.

Hao ndio ajenti anaowaita "Waarabu wa kule." Ni kundi, tena linazeeka. Baba wa nyumba ile alikijua vizuri. Wanawe walijua maneno matatu: njoo, kula, lala. Na mke wake, madam wangu, ukoo wake ni wa Nizwa, milimani, hakujua hata moja. Ukipangiwa nyumba isiyo ya kundi hilo, Kiswahili chako utaongea na friji. Nje ya hapo kuna Wabaluchi na lugha yao, kuna Walawati wa Mutrah na yao, Wahindi na Wabangladeshi wamejaa madukani, na kusini Dhofar wapo watu wenye lugha ya milimani ambayo Mwarabu wa Maskati haielewi. Hapa "Mwarabu" ni kama "Mganda": ukimwita Mkaramojong Muganda, mtu wa Buganda, utaona atakavyokujibu.

Nikuambie yaliyonifurahisha, usije ukasema ssenga ana uchungu.

Chakula. Jioni barabarani Seeb wanachoma mishikaki, na wanaiita hivyohivyo, mishkak. Mandazi yapo. Halua ni ileile ya sherehe, ila hapa ndiko kwao. Kofia ile ya nakshi ambayo babu yako anavaa Ijumaa, hapa inaitwa kumma na kila mwanamume anayo, na wazee wanasema mtindo wake uliletwa kutoka Unguja. Dirisha ni derisha, meza ni mez. Unatembea sokoni unaokota neno hapa, neno pale, kama chenji iliyoanguka.

Idi Kubwa tulikwenda Ibra, saa mbili kwa gari, kwao na marehemu mume wa bibi. Huko kuna mtaa wa zamani wa majumba ya udongo yenye maghorofa na milango ya nakshi, mengi yamebomoka. Yalijengwa kwa pesa za Afrika: karafuu na pembe za ndovu, na jambo la tatu ambalo nalifikia. Walichinja, nyama ikapakwa viungo, ikafungwa kwenye majani, ikashushwa shimoni juu ya makaa, shimo likafunikwa. Siku ya kwanza, ya pili. Inaitwa shuwa. Ilipofukuliwa, mfupa ulitoka peke yake bila kuvutwa. Nilikula nikakumbuka luwombo yetu ya kwenye majani ya mgomba, na luwombo ilishindwa, Mungu anisamehe.

Huko pia ndiko nilikoona falaj. Ni mfereji unaotoa maji chini ya mlima, wakati mwingine kwa handaki lililochimbwa na watu wa karne nyingi zilizopita, unateremka kwa mteremko wake tu, bila pampu, hadi kwenye mitende. Ipo zaidi ya 3,000 inayofanya kazi, na mitano imeingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mimi iliyonishangaza ni hesabu. Maji hayapimwi kwa debe, yanapimwa kwa muda. Huyu ana nusu saa, yule robo, na zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Mzee wa kijiji ana daftari la nani anadai dakika ngapi, na hakuna cha undugu hapo. Zamu yako ikiisha, jiwe linawekwa, maji yanageuka. Nilikaa pale nikitazama lile jiwe. Nitakwambia kwa nini.

Dini: wengi ni Waibadhi, madhehebu ya Kiislamu ambayo si Sunni wala Shia. Bibi alisali mikono chini, na baada ya Alhamdu hasemi amin. Siku ya kwanza nilidhani amesahau kwa uzee. Hakuna aliyenigusa kwa kufunga mikono yangu. Katika hilo ni watu wastaarabu kuliko misikiti mingine ninayoijua Kampala, wacha niishie hapo.

Joto, sasa. Usiniambie umeishi Arua unajua jua. Karibu na hapa, mji unaitwa Quriyat, Juni 2018, ulipita usiku mzima na kutwa nzima ambapo joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku, mwanangu! Maji ya bomba la baridi yanatoka moto wakati huo; unaoga yale ya tangi la moto ulilolizima, ndiyo ya baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za juani saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana. Ila jikoni si juani. Kwa hiyo sheria hiyo haikujui.

Na kituko: miezi hiyohiyo, kusini kabisa, Salalah, kilomita kama 1,000 kutoka Maskati, ile kusi ya majahazi inagonga milima ya Dhofar na kushusha manyunyu. Milima inakuwa kijani. Watu wanaendesha magari kutoka Ghuba nzima, wanalipa hoteli, ili wasimame kwenye ukungu na tope! Tulikwenda 2018. Familia inapiga picha, inapiga kelele, watoto wanaruka kwenye madimbwi. Mimi nimeshika mwavuli naona migomba, mipapai, minazi, ng'ombe wanakula majani mlimani, nikawa nawaza: hawa wangepelekwa Kabale wangezimia. Bibi alinunua papai kando ya barabara, akanipa kipande cha kwanza. "Kula, ni la kwenu." Alisema "kwenu." Huko nyuma alikuwa akisema "kwetu," maana yake Unguja. Siku hiyo alitugawa, na nadhani hakujua.

Haya. Jambo la tatu.

Bibi alipenda kusimulia nyumba ya baba yake Malindi: varanda, redio, wageni wa Ijumaa. Na "watu wa nyumbani." Kulikuwa na mama mmoja wa nyumbani aliyelala karibu na jiko, aliyemlea. Asili yake bara, Manyema huko. Utumwa ulishafutwa Unguja tangu 1897, soko la watumwa Sultani Barghash alilifunga 1873 Waingereza walipombana. Lakini wajukuu wa walionunuliwa walibaki kwenye nyumba zilezile wakifanya kazi zilezile. Huku Oman kwenyewe utumwa umefutwa kwa sheria mwaka 1970, mama yako alikuwa ameshazaliwa. Mitende ya pwani ya Batinah, ambayo tende zake zilipelekwa mpaka New York, ilimwagiliwa na watu wenye sura kama yako na yangu. Wala tusijifanye wasafi: Kabaka naye aliteka watu Busoga na Bunyoro akawauza kwa nguo na bunduki. Msafara uliotuletea Kurani ulirudi na kitu.

Nikamuuliza, "Bibi, huyo mama alikuwa analipwa?"

Alikaa kimya, akachezea tasbihi. Akasema, "Alikuwa akila tunachokula sisi."

Alisema kwa upendo kabisa. Alikuwa bado anamlilia yule mama, miaka sitini baadaye.

Mkataba wangu ulisema rial 80 kwa mwezi. Rial moja ni dola 2.60, piga hesabu. Miezi ya kwanza nililipwa tarehe moja. Halafu biashara ya baba mwenye nyumba ikayumba. Mwezi ukapita. Akaja jikoni mwenyewe, kwa adabu, kwa Kiswahili: "Vumilia kidogo. Wewe si mfanyakazi bwana, wewe ni mtu wa nyumbani. Nitakutupa wapi?" Mwezi wa pili, maneno yaleyale. Wa tatu. Wa nne. Nyie mlikuwa mnapiga simu mnauliza ada ya shule, nami nawaambia mtandao wa kutuma pesa una tatizo. Nisameheni kwa uongo huo.

Ungefanyaje? Kugomba na mtu anayekuita mtoto wake kwa lugha ya mama yake ni kazi ngumu. Kiswahili kilinifunga mdomo. Ningekuwa nimepangiwa nyumba ya watu wasionijua, ningeshika simu ya ajenti siku ya tarehe mbili. Na hapa mtu wa ndani hana mlango mwingi: pasipoti ilikuwa kabatini kwa kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, na sheria mpya ya kazi ya 2023, yenye mambo mazuri mengi, imewaacha makadama, sisi wafanyakazi wa ndani, nje. Ukikimbia, unaripotiwa mtoro, na viza yako imekufa.

Aliyenitetea ni madam. Yule wa Nizwa, asiyejua Kiswahili, ambaye miezi yote nilimwona mkavu, hapendi nikicheka na bibi kwa lugha asiyoielewa, alidhani tunamsengenya (mara mojamoja tulikuwa tunamsengenya, kweli). Ndiye aliyebandika saa zangu za kazi kwenye friji. Ndiye aliyesema Ijumaa baada ya mchana ni yangu. Usiku mmoja nilisikia anamgombeza mumewe kwa Kiarabu, na wakati huo nilikuwa nimeshakijua kidogo: haki yake, haki yake, alirudia neno hilo. Kwao kijijini wanagawa maji kwa dakika. Nadhani alinihesabu hivyo, kama mtu mwenye zamu yake kwenye mfereji, na jiwe limewekwa kabla zamu haijaisha.

Nilipomaliza mkataba 2019 nililipwa miezi mitatu kati ya minne, ndani ya bahasha, uwanja wa ndege. Bibi alilia. Mwanawe alinikumbatia begani akasema mwezi uliobaki ataniletea Kampala akija kutembea. Rial 80 hizo nazidai mpaka leo. Yale ya Majid na Thuwaini.

Niliporudi 2022 sikurudi ndani ya nyumba ya mtu. Nimo kwenye duka la kushona abaya Ruwi, mwajiri ni Mhindi, hanipendi wala hanichukii, tunaongea Kiarabu kibovu cha pande zote mbili. Mshahara unapita benki. Ijumaa duka limefungwa. Chumba tunakaa wanne: mimi, Mkenya mmoja, Wafilipino wawili, na bafu moja, na kila asubuhi ni vita. Upweke upo. Mwezi wa Ramadhani unakaa na watu watatu wanaofuturu kwenye simu zao. Nimekosa mazishi ya kaka yangu, baba yako, na hilo sitalieleza hapa.

Wenzangu wengine wameona mabaya zaidi, kazi ya saa ishirini, mikono ya wanaume, kufungiwa. Hayo umeyasikia redioni, sitayarudia kama vile mimi yalinipata. Wapo pia walioangukia nyumba njema wakarudi na kiwanja Matugga. Ajenti hawezi kukuchagulia ipi. Anapata pesa yake ukishapanda ndege.

Kwa hiyo jibu langu kwa ulichouliza: kama ni kazi ya ndani, mimi nisingekuruhusu, lakini wewe una miaka 24 na mtoto, na Bombo hakuna kazi, na mimi niliyekwenda siwezi kukufungia mlango nikiwa nimesimama upande wa pili. Kama ni kazi ya duka, saluni au hoteli, tuongee. Kampuni iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Nenda ukaulize wizarani kwa miguu yako, usitazame cheti kilichotundikwa ukutani kwa ajenti. Viza isiwe ya kutembea, wanaokuja kwa viza ya kutembea wananunuliwa hapa kama mafungu ya nyanya. Jifunze tarakimu za Kiarabu kabla hujaja, zile zilizoandikwa za Kiarabu, uweze kusoma kiasi na tarehe. Kariri namba yangu kichwani, simu inaweza kuchukuliwa. Na mwajiri akikuita mtu wa nyumbani, itikia "abee" kwa adabu zote, halafu muulize tarehe ya mshahara.

Bibi nilimtembelea Idi iliyopita. Haoni vizuri tena, alinishika uso kwa vidole. Nilimwambia, "Bibi, naomba moyo." Alinyamaza kidogo, kisha akamwagiza mjukuu wake maji.

Mkataba nitumie picha. Kurasa zote, pamoja na ile ya nyuma yenye maandishi madogo, na ile ya Kiarabu hasa, maana mara nyingine kiasi kilichoandikwa huko si kile kilichoandikwa kwa Kiingereza. Tuma kabla ya Ijumaa, siku hiyo nina nafasi ya kuusoma taratibu. Usiweke sahihi mpaka nikupigie.